Kuifufua cherehani ya mguu iliyokaa miaka bila kushona

Mama aliyenitumia picha alikuwa ameshakubaliana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu. Cherehani ya marehemu mama yake, Singer ya mguu, ilikuwa imekaa kwenye kona ya sebule miaka kumi na moja ikibeba televisheni. Gurudumu halizunguki, mkanda umekatika, droo moja haipo. "Fundi, hii si imeshakufa?" Nikamwomba avumilie mpaka Jumamosi. Jumamosi hiyo niliingia kwake saa tatu asubuhi, nikatoka adhana ya magharibi inaita, na karibu nusu ya siku ilipotelea kwenye kibati kimoja kisichozidi ukubwa wa sarafu. Nitakifikia.

Mimi nashona, sikusomea utengenezaji. Lakini hizi cherehani za zamani ni chuma kitupu, hazina waya wala plastiki ya kupasuka, na zikigoma mara nyingi ni uchafu, si kuharibika. Kama yako ni Singer, tafuta namba iliyogongwa kwenye kitako, upande wa kulia karibu na gurudumu. Ikianza na F, Y au E, ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Herufi E zilianza katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo usishangae ukikuta inamzidi umri bibi yako. Kama ni Butterfly ya Shanghai, usijisikie mnyonge: zile za mguu tulizozoea zimeigwa kutoka Singer ya muundo namba 15, na ndiyo sababu vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Vya kuwa navyo

Bisibisi mbili, moja pana na moja ndogo kabisa. Mswaki uliostaafu. Khanga iliyochakaa (iwe pamba, zile za kuteleza hazinyonyi kitu). Mafuta ya taa kidogo kwenye kikombe. Oili ya cherehani. Sindano mpya, mkanda mpya wa ngozi, na simu ya kupigia picha kila unachokifungua kabla hujakifungua.

Kuhusu oili sina upole. Iwe oili ya cherehani, ile nyeupe kama maji. Mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti, yakikaa na hewa huganda taratibu na kuwa kama vanishi, kisha hushika chuma kwa chuma kama gundi. Ya nazi nayo hukusanya vumbi, na siku ya baridi hugandamana. Ile dawa ya kopo ya kupulizia kutu inalegeza skrubu vizuri, ila haibaki. Ukiitegemea kama oili, wiki mbili mbele mashine inalia. Nimefungua cherehani nyingi zilizokwama, na nyingi kati ya hizo kilichozikwamisha ni ukarimu wa mtu na chupa ya jikoni.

Hatua ya 1: Futa

Toa kichwa cha mashine mezani, piga vumbi kwa mswaki, futa kwa khanga yenye unyevu wa mbali. Maua ya dhahabu yaache. Usiyapitishie spiriti hata kidogo, maana rangi nyeusi ya Singer za zamani imefunikwa na vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na maua yataondoka na kitambaa mbele ya macho yako.

Hatua ya 2: Lainisha kilichoganda

Nenda nje, mbali na jiko na mbali na mvuta sigara. Karibu kila tundu dogo unaloliona juu ya mashine lilitobolewa kwa ajili ya oili. Weka tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu, kisha laza mashine na uweke tone kila mahali unapoona chuma kinagusana na chuma kingine kikitembea. Fungua pia kile kifuniko cha kushoto, nyuma yake ndipo chuma kinachobeba sindano kinapopanda na kushuka, na hapo uchafu huwa wa kahawia kama sukari guru.

Halafu iache juani. Nasema kweli. Wapo wanaotumia draya ya saluni, na inafaa, lakini jua la Tanga la saa saba mchana halina bili. Chuma kikipata joto, yale mafuta ya miaka yanaanza kutoka jasho. Yafute, weka tone jingine, rudia. Jaribu gurudumu kwa mkono, ukilivuta kuja kwako. Usilazimishe, na usithubutu kuligonga nyundo.

Likianza kuzunguka, futa mafuta ya taa yote na uweke oili, tone moja moja. Mafuta ya taa husafisha, hayalainishi.

Hatua ya 3: Gurudumu na kile kibati

Hapa ndipo niliposhindwa kula mchana.

Katikati ya gurudumu la mkono kuna nati kubwa ya mviringo. Kazi yake ni kutenganisha gurudumu na mashine: ukiilegeza, gurudumu linazunguka bure ili ujaze bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) bila sindano kupiga. Ukiikaza, gurudumu na sindano vinakwenda pamoja. Kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio hili ambalo mimi sikulifanya. Shika gurudumu kwa mkono wa kushoto, legeza nati kwa mkono wa kulia, kisha zungusha gurudumu. Likienda bure, basi kilichokwama kiko ndani ya mashine, rudi hatua ya 2. Lisipokwenda hata baada ya kulegeza, uchafu uko kati ya gurudumu lenyewe na mhimili wake, na itabidi ulitoe.

La yule mama lilikuwa la namna ya pili. Kulitoa si kazi. Pembeni mwa ile nati kuna skrubu ndogo sana. Itoe na uiweke kwenye kifuniko cha chupa, si kwenye mkeka. Fungua nati kubwa kwa mkono. Ikigoma, ifunge kitambaa kisha uishike. Plaizi tupu itaing'ata na alama haitoki. Ndani yake utakuta kibati cha duara chenye vijipembe vitatu vya nje na vimasikio viwili vya ndani vilivyokunjwa kidogo. Kipige picha kikiwa bado mahali pake. Picha ya karibu, yenye mwanga, inayoonyesha masikio yamekunjwa kuelekea wapi. Mimi sikupiga. Nilikitoa, nikakifuta, nikakiweka kwenye kisahani, nikavuta gurudumu, nikasugua mhimili kwa mafuta ya taa ukang'aa, nikatia oili, nikarudisha kila kitu.

Nikakaza nati. Gurudumu likazunguka vizuri ajabu, na sindano haikutikisika.

Nikafikiri nati haijakaza. Nikakaza zaidi. Gurudumu linazunguka, sindano imetulia. Nikafikiri mhimili umekatika ndani. Nikafungua kifuniko cha juu, nikafungua cha nyuma, nikalaza mashine, nikafuata kila chuma kwa kidole. Yule mama akaleta wali na samaki, ukapoa. Saa tisa alasiri nikampigia mzee mmoja aliyenifundisha kushona, nikamweleza. Hakuniacha nimalize. "Umekigeuza kile kibati?" Nikamwambia nimekirudisha. "Sikukuuliza kama umekirudisha, mwanangu. Nimekuuliza kama umekigeuza."

Kumbe kile kibati kinaingia kwa namna mbili, na zote mbili kinakaa kwa raha. Masikio ya ndani yanaingia kwenye mifereji miwili ya mhimili, na kwa kuwa mifereji ni miwili, unaweza kukiweka hivi au ukakizungusha nusu duara na kikaingia vilevile. Lakini ile skrubu ndogo ya kwenye nati hugota kwenye vijipembe vya nje. Kibati kikikaa upande mmoja, skrubu inagota kabla nati haijakaza, gurudumu linateleza tu. Kikikaa upande wa pili, nati inakaza vizuri na inalegea vizuri.

Kwa hiyo: masikio yaliyokunjwa yatazame nje, kwako. Rudisha nati, rudisha skrubu ndogo, kaza. Kama gurudumu halivuti sindano, au nati haikubali kulegea unapotaka kujaza bobini, usifungue kitu kingine chochote. Toa skrubu, toa nati, zungusha kibati nusu duara, rudisha. Hiyo tu. Ikiwa bado, hakikisha hukukigeuza tumbo mgongo, masikio yakatazama ndani.

Zamu yangu ya pili ilichukua dakika nne.

Hatua ya 4: Chini kwa bobini

Toa kesi ya bobini (kikopo cha chuma kinachoishika bobini), kisha fungua duara linalozuia ile ndoano inayonasa uzi (Butterfly nyingi zina vishikizo viwili vya kufungua kwa kidole, mashine nyingine zina skrubu). Safisha kwa mswaki. Tafuta hasa kipande kifupi cha uzi kilichojibana nyuma ya ndoano. Uzi wa sentimita mbili unaweza kuifunga mashine nzima. Tone moja la oili, rudisha.

Hatua ya 5: Mkanda

Mkanda wa ngozi wa duara, unene wa kama milimita tano. Upitishe kwenye magurudumu yote mawili, la mkono na lile kubwa la chini, ukate ukiwa umebana kidogo kwa sababu ngozi itanyooka, toboa ncha zote mbili, unganisha kwa ile klipu ya waya. Kamba ya nailoni inateleza. Watu watakwambia haitelezi.

Hatua ya 6: Sindano na uzi

Ukifika dukani ukisema "sindano ya cherehani" tu, unaweza kupewa za mashine za umeme za viwandani, kwa sababu ndizo mafundi wengi wa sokoni wananunua. Zile zina shina jembamba la duara na hazikai hapa. Taja HAx1, au 130/705 H, yenye shina bapa upande mmoja. Namba 80 kwa khanga na vitambaa vyepesi, 90 kwa vitenge, 100 kwa jinzi.

Bapa litazame upande ilipo ndoano; ule mfereji mrefu wa sindano utazame upande uzi unapoingilia. Kwenye Singer namba 15 na ndugu zake za Kichina, bapa ni kushoto, na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Kuikosea hii ndiyo sababu ya kwanza ya mashine "mbovu" ninazoletewa. Inapiga, haishoni.

Unapopitisha uzi wa juu, kiguu cha kukandamiza kitambaa kiwe kimenyanyuliwa. Kikiwa chini, vile visahani viwili vya kubana uzi vimefumba, na uzi utakaa juu yake badala ya kuingia katikati. Matokeo yake ni manyoya ya uzi chini ya kitambaa, na kila mtu hukimbilia kulaumu bobini. Manyoya yakiwa chini, kosa liko juu. Kwa bobini, ninginiza kesi kwa uzi wake: isishuke yenyewe, ishuke kidogo ukiitikisa.

Hatua ya 7: Miguu

Bila uzi, bila kitambaa, kiguu kikiwa juu. Anza kwa mkono ukilivuta gurudumu kuja kwako, miguu ifuate. Likirudi nyuma, simama. Ukishaweza kukanyaga kwa dakika mbili bila kurudi nyuma, tia uzi, weka kitambaa, shusha kiguu, na ujaribu kwa rangi mbili tofauti juu na chini ili uone nani anamvuta mwenzake.

Yule mama hakuhitaji mazoezi. Miguu yake ilikumbuka. Alishona foronya moja mbele yangu, mshono umenyooka kuliko wangu. Saa mbili usiku akapiga simu, cherehani imeanza kutoa manyoya.

"Kiguu ulikishusha, mama, kabla ya kuanza?"

Kimya. Kisha nikasikia kile kikofi kidogo cha chuma kikitua juu ya kitambaa.