Kubuni Maeneo ya Kijani Mjini kwa Watembea kwa Miguu na Waendesha Baiskeli

Kabla ya kuchora mstari wowote, anza kwa kuangalia watu wanapita wapi sasa. Vijia vilivyokanyagwa kwenye nyasi ndivyo msingi wa ramani yako, kwa sababu njia iliyopindapinda kwa ajili ya urembo tu itaachwa na watu watakata katikati ya bustani. Viunganishe na vituo vya basi, shule na masoko.

Kisha tenga njia. Baiskeli zinazopishana zinahitaji upana wa mita 3 hivi, na watembea kwa miguu wapewe angalau mita 1.8 ili viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Rangi peke yake haitoshi kuzitenganisha; weka ukingo wa chini ambao asiyeona ataugundua kwa fimbo yake. Nafasi ikiwa finyu, wabunifu wengi huwabana watu hawa wote katika njia moja, ilhali linalostahili kufanywa ni kupunguza eneo la magari. Linawezekana: mjini Seoul, barabara ya juu ilibomolewa na kijito cha Cheonggyecheon kilichokuwa kimefukiwa chini yake kikafunguliwa tena mwaka 2005, kikiwa na njia za kutembea kando yake.

Miti ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na naona hupewa umakini mdogo mno. Penye jua kali, ni kivuli kinachoamua kama mtu atatembea au atapanda gari, hivyo panda miti kati ya magari na njia, si nyuma ya njia. Mti uliofungiwa katika shimo dogo lililozungukwa na zege huinua vigae kwa mizizi inayotafuta hewa na maji; upe ukanda mrefu wa udongo usioshindiliwa, na uuache ukanda huo uwe chini kidogo kuliko njia ili upokee maji ya mvua badala ya kuyaacha yatuame wanapopita watu. Matawi yanayoning'inia juu ya njia ya baiskeli yapunguzwe hadi mita 2.5 kutoka chini, na vichaka vilivyo karibu na vivuko visizidi sentimita 60, ili dereva amwone mtoto kabla hajaingia barabarani.

Kivuko chenyewe kiinuliwe hadi usawa wa njia, na kona za barabara zifanywe kali zaidi, kwa kuwa gari hupunguza mwendo zaidi linapolazimishwa na umbo la barabara kuliko linapoonywa na kibao. Lenga mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa.

Taa zifungwe chini ya matawi, wala si juu yake, na mabenchi yawekwe kivulini. Mwisho, bajeti iwe na fedha za kumwagilia miti michanga katika miaka 2 au 3 ya kwanza, kabla mizizi haijajitegemea.