Kubadilisha oili ya gia boksi na difu mwenyewe: anza na nati ya kujazia

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne, kila mtu pembeni. Naandika mara moja, anayeuliza tena nitamleta hapa. Mfano ni Hilux yangu ya zamani, dizeli, gia za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma.

Kwanza oili. Kwenye kopo soma vitu viwili. 75W-90 au 85W-90 ni uzito. GL-4 au GL-5 ni daraja. Difu, kile kibuyu cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, kwa gari kama hii inataka GL-5, hapo hakuna mjadala. Gia boksi fuata kitabu cha gari. Kikisema GL-4 peke yake, weka GL-4, hata kama muuza duka anakwambia GL-5 ni kali zaidi.

1. Endesha dakika 15 oili ipate uvuguvugu.

2. Egesha pa tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye tairi. Hilux iko juu, unaingia chini bila jeki. Gari fupi weka stendi pande zote mbele na nyuma ikae sawa. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki tu.

3. Safisha kuzunguka nati mbili za difu, ya kujazia na ya kumwagia, kwa brashi ya waya.

4. Fungua nati ya KUJAZIA kwanza, ile ya juu, ubavuni. Usiguse ya chini kabla hii haijatoka. Mwaka wa kwanza wa gari hii nilianza na ya chini. Oili yote ikaishia kwenye beseni, ndipo nikaenda ya juu ikagoma. Aliyeifunga kabla yangu aliikaza kupita kiasi na kutu ikamalizia. Nikakomaa nayo kwa spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), ikateleza mara tatu, kona za nati zikalika zikabaki mviringo. Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni, difu tupu, gari haliwezi kutoka uani, na Jumatatu alfajiri mama alikuwa na kliniki. Jumapili nilimpata fundi wa kuchomelea, akachomelea nati nyingine juu ya ile iliyolika, joto likailegeza ikatoka. Ningeanza na ya juu ikagoma, ningeiacha hapo hapo na kuendesha gari na oili yake ya zamani hadi kwa fundi. Kwa hiyo: soketi ya 24 ya pembe sita, mpini mrefu, vuta taratibu. Ikigoma, acha.

5. Mwaga. Kwenye nati ya chini kuna sumaku. Uji mweusi laini kama grisi ni kawaida, ufute. Ukikuta kipande chenye kona unachokisikia kati ya vidole, hilo ni jino au beringi, mwite fundi kabla ya kujaza.

6. Rudisha nati ya chini pamoja na washa mpya, ile pete bapa ya kuziba.

7. Jaza kwa pampu ya mkono mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Iache itulie, kisha funga. Gia boksi ni vivyo hivyo.

8. Zunguka mtaa mmoja, rudi uangalie kama inavuja.

Mimi nabadilisha kila kilomita 40,000.

MASWALI

Chuma_Mbovu: Mkuu gari yangu niweke oili gani?
Jibu: Gari gani? Mwaka gani? Gia za mkono au otomatiki?

Chuma_Mbovu: Ya kawaida tu. Oili ya injini si inafaa kwenye difu? Nina lita 4 zimebaki.
Jibu: Haifai. Soma aya ya pili.

Mwanafunzi wa Gereji: Kaka, kwa nini GL-5 iwe mbaya kwenye gia boksi kama inalinda zaidi?
Jibu: Swali zuri, mdogo wangu. Kwenye difu, pinioni (gia ndogo) imekaa chini ya kitovu cha krauni (gia kubwa), hivyo meno hayabingirishani tu, yanasuguana yakiteleza kwa mzigo mkubwa. GL-5 ina dawa nyingi za salfa na fosforasi zinazoweka utando juu ya chuma yasigusane. Ile harufu kali ni salfa. Ila pete za sinkro (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla ya kuingia) kwenye gia boksi nyingi ni za shaba, na baadhi ya dawa hizo zinaila shaba. Tena sinkro inahitaji kusugua kidogo ili ipunguze mwendo wa gia. Oili ikiteleza mno, gia inakwaruza kuingia.

Mama Noah: Shikamoo. Noah yangu ni otomatiki, nifuate hatua hizi?
Jibu: Marahaba mama. Hapana, yako ni kazi nyingine. Vuta kijiti cha kupimia cha gia boksi usome, Toyota nyingi wameandika hapo aina ya oili. Kikisema T-IV weka T-IV, kikisema CVT (otomatiki ya mkanda) weka ya CVT iliyotajwa. Usikubali "haidroliki nyekundu yoyote". Na ukimwaga inatoka sehemu tu, nyingine hubaki ndani. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hicho hicho, kisha hakiki kwa kijiti injini ikiwa imewaka na oili ina moto.

Dereva_Kilombero: Nilivuka maji hadi juu ya ekseli. Oili ya difu imekuwa rangi ya chai ya maziwa.
Jibu: Maji yameingia. Difu ya moto ikipoa ghafla inavuta, kipumulio (kitundu cha hewa juu ya difu) kikiwa kimeziba maji yanapita kwenye sili (mpira wa kuzuia oili isivuje). Badilisha leo, endesha siku chache, badilisha tena. Safisha kipumulio, ukiweza kiongezee mpira upande juu.

Mwanafunzi wa Gereji: Oili chafu mnapeleka wapi? Mimi napaka nguzo za banda, mchwa hawagusi.
Jibu: Nguzo sawa, ila mbali na kisima na bustani. Usimwage mtaroni.

Chuma_Mbovu: Ni Hilux kama yako, mkono. Nimeanza na ya juu imegoma. Ya chini sijagusa.
Jibu: Umefanya vizuri sana. Puliza dawa ya kulegeza kutu usiku huu, asubuhi rudia. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo ndogo mara kadhaa kabla ya kuvuta, na uwe na ile soketi ya pembe sita. Ikitoka, niandikie nikwambie lita za kununua.