Siku Tatu Amsterdam Ukiwa Peke Yako: Kwa Sisi Tuliotoka Nakuru

Mama alikata waridi kwa miaka kumi na minane kando ya Ziwa Naivasha. Tulilelewa Karagita kwa mshahara huo, na sare zetu za shule zilinunuliwa kwa ovataimu ya Januari, wakati mashamba yote ya maua yanakimbizana na sikukuu ya wapendanao. Maua yenyewe tuliambiwa yanakwenda Uholanzi, basi. Kwa hiyo nilipopata likizo ya siku chache kazini kwangu Uingereza, na wenzangu wakashangaa mbona nisiende Paris kama kila mtu, mimi nilishajua ninakokwenda.

Sasa niko nyumbani Nakuru, hapa Section 58, na kila binamu aliye ng'ambo ananiuliza nilipangaje safari ile. Jibu langu la kwanza huwa hili: ukisafiri peke yako kwa siku chache, chagua jambo moja linalokuhusu kwelikweli, mengine uyazungushie hilo. Ukibeba orodha ya makumbusho kumi na mawili utarudi na miguu imevimba na picha za foleni.

Halafu karatasi. Kibali cha kuishi Uingereza, Marekani au Kanada hakikufungulii mlango wa Uholanzi. Ukitumia pasipoti ya Kenya unahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani lile eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, hata kama umekaa Leeds miaka kumi na mitano. Ndugu zetu wa Dublin pia, maana Ireland haimo katika Schengen. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani au Uswidi ataingia bila viza, mradi asizidishe siku 90 ndani ya kila siku 180. Abebe pasipoti pamoja na kadi yake ya ukaazi.

Viza huombwa nchi unamoishi kisheria, kwa hivyo usije likizo Nakuru ukitegemea kuipatia Nairobi. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Mimi nasema anza miezi mitatu kabla, kwa sababu kinachokula muda hasa ni kupata siku ya miadi, na kiangazi kikikaribia nafasi huisha haraka sana. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi hata ukinyimwa. Utatakiwa uwe na bima ya safari ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na pasipoti yenye kurasa 2 tupu, iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na yenye miezi 3 zaidi baada ya siku ya kutoka. Ongeza barua ya mwajiri, taarifa za benki na mahali utakapolala. Fedha ziwe zile zinazoingia kila mwezi. Kiasi kikubwa kilichoingia jana kwenye akaunti huzua maswali.

Mlio Uingereza, nisikilizeni vizuri. Zile kadi za ukaazi za BRP ziliisha tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi yako ya ukaazi iko mtandaoni. Ukipata pasipoti mpya, iunganishe na akaunti yako ya uhamiaji kabla hujasafiri. Mimi sikufanya hivyo. Wakati wa kurudi nilisimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege karibu saa nzima, mfumo hauoni jina langu, abiria wote wameshapita, na sina hata mtu wa kunishikia begi. Ukiwa peke yako, kosa dogo kama hilo unalibeba mwenyewe.

Kuhusu pesa, najua kuna anayesoma haya huku akiwaza karo ya mdogo wake. Mimi nilituma ya nyumbani kwanza, ndipo nikakata tiketi, na nikamweleza dada yangu ninakwenda wapi na nitalala wapi. Usisafiri kwa siri. Mtu mmoja nyumbani awe na anwani ya hoteli na picha ya pasipoti yako. Nambari ya dharura Ulaya ni 112, na ubalozi wa Kenya uko The Hague, si Amsterdam.

Malazi ya katikati ya mji ni ghali, na jiji huongeza kodi ya wageni ya asilimia 12.5 juu ya bei ya chumba. Nililala Haarlem, mji mdogo mtulivu, kama robo saa hivi kwa treni. Kutoka uwanja wa Schiphol, treni ya kwenda Amsterdam Centraal huchukua muda kama huo huo. Huna haja ya kununua kadi ya usafiri: gusa kadi yako ya benki kwenye mashine unapopanda na uguse tena unaposhuka. Ukishuka bila kugusa, utakatwa zaidi. Baadhi ya maduka hayapokei noti, ni kadi tu. Na zile njia nyekundu barabarani ni za baiskeli. Usisimame pale kutazama simu, hawapunguzi mwendo.

Ukitaka nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni wakati wa vita, tiketi huuzwa mtandaoni pekee, kila Jumanne, za kutembelea wiki sita baadaye. Hakuna kubahatisha mlangoni. Ukichoka na mkate baridi, panda metro namba 54 hadi Bijlmer, kwa Wasuriname na Waghana. Utapata muhogo na ndizi za kukaanga, na hakuna atakayekushangaa kwa kula peke yako.

Lakini mimi nilikuwa nimeendea Aalsmeer, penye mnada wa maua. Uko nje ya jiji karibu na Schiphol. Andika jina hilo kwenye programu ya usafiri iitwayo 9292 ikuonyeshe basi. Nenda siku ya kazi, si wikendi, na ufike saa moja asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne au tano shughuli imeisha. Mgeni hulipa kiingilio na kutembea kwenye daraja refu la juu, na chini yake mikokoteni ya maua inapita kama magari ya Mombasa Road jioni. Bei kwenye saa ya mnada, ile inayoonyesha bei kwa wanunuzi, huanzia juu na kushuka. Wa kwanza kubonyeza ndiye aliyenunua. Ukienda wiki moja kabla ya tarehe 14 Februari, utaona waridi nyekundu hadi macho yachoke. Vaa koti zito.

Nilisimama pale, nikaona sanduku limeandikwa Kenya, nikampigia Mama kwa video. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, yuko uani anaanika nguo. Nikageuza simu chini. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nisogeze karibu, aone vile zimekatwa.

"Hizo zimekatwa zimefunguka sana," akasema. "Angalia kama majani yamenyauka."

Hayakuwa yamenyauka.