Kula samaki, kuku na nyama tena baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ngege aliyekaangwa hadi akakauka hukwama kifuani. Ngege huyohuyo akichemshwa na nyanya hupita. Ndiyo maana hatupendi mtu aseme "tumbo langu limekataa samaki" baada ya kujaribu mara moja tu. Kabla ya kuachana na chakula, jiulize: kilikuwa na unyevu kiasi gani, kipande kilikuwa na ukubwa gani, na ulikila kwa dakika ngapi?

Aliyekatwa tumbo likabaki mrija mwembamba mfano wa ndizi amepoteza ile sehemu ya juu inayotanuka kupokea chakula. Aliyefanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kutenga kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, ana kifuko ambacho mwanzoni hubeba takriban mililita 30, na tundu la kutokea kuelekea utumbo lina upana wa sentimita moja hivi. Kwa wote wawili, sehemu kubwa ya kazi ya kusaga iliyofanywa na tumbo sasa imehamia kwenye meno. Kipande kikavu cha nyama kinakaa pale mlangoni kama kizibo.

Hospitali nyingi hupanga hivi: vinywaji kwa wiki mbili za kwanza, vyakula vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, vyakula laini ya tano na ya sita, kisha vigumu kuanzia ya saba au ya nane. Ikiwa ratiba uliyopewa ni tofauti, fuata hiyo. Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Mshono wa ndani na uvimbe wake huvioni.

Anza na yai, kisha samaki

Jaribu chakula kipya kimoja kwa siku, mchana, ukiwa nyumbani. Asubuhi wengi huhisi tumbo limebana, hivyo kikombe kidogo cha maji ya uvuguvugu nusu saa kabla ya kula husaidia.

Yai moja lina protini gramu 6. Lipige na vijiko viwili vikubwa vya maziwa, ulipike kwa moto mdogo ukikoroga, na uliondoe likiwa limeshikana lakini bado lina unyevu. Yai likipikwa mno huwa kama mpira, na hapo ndipo watu hulichukia.

Samaki anastahili uangalifu zaidi, maana ndiye atakayekulisha kwa miezi mingi. Kwa anayeanza, mnofu wa mbuta ni rahisi kuliko ngege kwa sababu mifupa yake ni mikubwa na michache. Mwambie muuzaji akukatie upande wa mgongo. Sehemu ya tumbo ina mafuta mengi na huleta kichefuchefu. Chukua gramu 100 za mnofu, nyanya mbili zilizokatwa, nusu kitunguu, dania na mililita 200 za maji. Acha nyanya ziive kwanza mpaka ziwe rojo, weka samaki, funika, na upike kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10. Usiache mchuzi utokote kwa nguvu, maana nyama ya samaki hukaza na kutoa maji yake. Akishaiva, mponde kwa vidole ukitafuta mifupa, kisha umrudishe ndani ya mchuzi.

Sahani ya kwanza iwe na kipande cha ukubwa wa kiberiti, karibu gramu 30, ambacho kina protini gramu 7 hivi. Tumia kijiko cha chai. Tonge liwe dogo kama punje ya maharagwe, ulitafune mara 20 hadi 30 mpaka liwe uji, umeze, uweke kijiko chini, na usubiri karibu dakika moja kabla ya lingine. Mlo mzima uchukue dakika 20 hadi 30. Kinachobaki baada ya hapo kiache.

Hapa ndipo wengi wanakosea: wanashushia chakula kwa maji. Unyevu unaotakiwa ni ule ulio ndani ya chakula, yaani mchuzi. Maji ya kunywa yanajaza nafasi ndogo uliyo nayo na kukubana. Acha kunywa unapoanza kula, na usubiri dakika 30 baada ya kumaliza. Muda mwingine wote wa siku, kunywa kidogo kidogo bila kukoma.

Nyama ya kusaga, kuku, maharagwe

Samaki akipita siku tatu mfululizo, jaribu nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyo na mafuta. Robo kilo ipikwe na nyanya na mililita 300 za maji kwa dakika 30 hadi 40, ukiiponda kwa mwiko ili isifanye madonge. Kaanga kavu ya kawaida haifai bado.

Kuku wa gredi ni mwepesi kuliko wa kienyeji, na paja ni bora kuliko kidari kwa sababu kidari hukauka upesi. Kata vipande vidogo kukatisha nyuzi za nyama. Kuku wa kienyeji wa Kakamega au Vihiga, hasa jogoo mkubwa, anahitaji saa mbili jikoni, na hata hivyo mchambue vizuri. Firigisi iache kabisa kwa miezi ya mwanzo, hata ukitunukiwa kwa heshima ukweni. Ipokee kwa shukrani na umpe mwingine. Vilevile nyama ya matangani, iliyochemshwa kwa haraka katika sufuria kubwa, ni ngumu mno. Beba mkebe wako wa samaki wa mchuzi.

Kuku aliyepashwa moto siku ya pili hukwama kuliko aliyepikwa leo. Akibaki, mpashe ndani ya mchuzi mpya.

Maharagwe na ndengu viloweke usiku kucha, vichemshe mpaka vipondeke kwa kidole, na mwanzoni uvichuje maganda. Nusu kikombe kina protini gramu 7 hivi. Omena ni wa mwisho: mtoe vichwa, mkaange bila mafuta, msage, mchekeche, na utie kijiko kimoja kwenye mchuzi.

Lengo la wengi ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Hazitatimia kwa nyama peke yake mwanzoni, hivyo endelea na maziwa au maziwa lala. Mililita 250 zina gramu 8 hivi. Maziwa yakikuharisha, maziwa lala huvumilika zaidi. Kula protini kwanza. Ugali hujaza kifuko na kunata, kwa hiyo ungoje.

Kikikwama

Dalili za mapema ni kwikwi, makamasi kutiririka ghafla, chafya, au mgandamizo chini ya kifua. Acha kula hapo hapo, hata kama umebakiza kijiko kimoja. Ukiendelea, mate ya povu yatajaa mdomoni na chakula kitarudi. Usinywe maji kukisukuma. Simama, tembea polepole, tema mate, na usubiri. Kikishapita au kutoka, rudi kwenye vinywaji kwa saa 24, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Chakula kilichokukwama kijaribu tena baada ya wiki mbili, kikiwa na mchuzi zaidi.

Ukishindwa hata na vyakula laini, na hali inazidi wiki hadi wiki, huenda tundu limepungua. Daktari huliangalia kwa endoskopi, mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na anaweza kulipanua kwa puto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukishindwa kumeza maji, ukitapika mfululizo, ukiwa na homa, moyo kwenda mbio, au maumivu makali ya tumbo. Kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1. Kuona vitu viwili viwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa ni dharura.

Beba barua ya upasuaji wako kila uendako, hata ukiwa safarini kati ya Nakuru na Kisumu. Mhudumu asiyejua ulifanyiwa nini anaweza kukuingizia mpira wa puani bila kuona unakokwenda na kuuumiza mshono, au kukupa dawa za maumivu kama ibuprofen, ambazo kwa aliyefanyiwa baipasi huleta vidonda tumboni.