Sevu nyingi, usiandike juu ya ya jana

Kama ndiyo kwanza unaanza gemu ya kompyuta ya King's Quest V ya mwaka 1990, kila ukisevu tumia nafasi mpya. Gemu hii haikuambii kwamba ulishaharibu; inakuacha uzunguke tu. Paka akimkimbiza panya mbele ya duka la mikate, mtupie kile kiatu chakavu papo hapo. Usipofanya hivyo, baadaye utafungwa kamba chini ya nyumba ya wageni na hakuna panya wa kuja kuitafuna. Mlimani Graham, mhusika unayemchezesha, akishikwa na njaa, ale nyama ya kondoo, nusu abakishe kwa ajili ya tai. Pai asiiguse kabisa! Hiyo ni ya kumpiga nayo yeti, lile dude la theluji, usoni.