Namna ya Kutambua Hatua za Kisayansi Katika Mambo ya Kila Siku

Simu ikigoma kuingiza chaji, wengi wetu hukichomoa kichwa cha chaja, tukakihamishia soketi nyingine, kisha tukakodolea macho alama ya betri. Katika nusu dakika hiyo zimepita karibu hatua zote za uchunguzi wa kisayansi. Hatuzioni kwa sababu hazitamkwi, na baadhi hufanyika kichwani tu.

Kwanza litafute swali. Uchunguzi huanza pale jambo linapokwenda kinyume na matarajio, na mtu akaligeuza kuwa swali linalopimika. "Simu imeharibika" ni malalamiko. "Je, tatizo liko kwenye soketi, kichwa cha chaja, waya au tundu la simu?" ni swali, maana kila kimoja kati ya hivyo vinne unaweza kukijaribu peke yake.

Kinachofuata ni nadharia tete, yaani jibu la muda linalosubiri kupimwa. Utaitambua kwa maneno kama "labda" au "huenda": labda waya umekatikia ndani. Usiishie hapo. Sikiliza kama kuna utabiri: "Kama mbovu ni waya, nikiweka mwingine simu itaingiza chaji, na huu nikiupeleka kwenye simu nzima hautaingiza." Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nasi tunaiona kuwa ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapokubali mapema kwamba anaweza kuonekana amekosea. Anayesema "simu za siku hizi ndivyo zilivyo" hana nadharia tete. Hakuna tokeo lolote litakaloweza kumpinga.

Jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Hicho unachokibadilisha wewe huitwa kigeu huru. Unachokipima ni kigeu tegemezi. Vingine vyote vinabaki vilevile. Ukibadilisha waya pamoja na kichwa cha chaja, simu ikaanza kuingiza chaji, umepata chaji lakini jibu hujalipata. Kosa jingine ni kutumia waya wa akiba ambao haujahakikishwa. Ujaribu kwanza kwenye simu isiyo na tatizo, la sivyo waya wa pili ulio mbovu utakufanya ulilaumu tundu la simu bure.

Kama tatizo ni chaji kuingia polepole, macho pekee hayatoshi, inabidi upime. Anza kila jaribio betri ikiwa asilimia ileile, tuseme 30, skrini ikiwa imezimwa, halafu andika imefika ngapi baada ya dakika 15. Betri za simu hupunguza kasi ya kupokea chaji zinapokaribia kujaa. Ukipima waya mmoja kuanzia asilimia 30 na mwingine kuanzia 80, huo wa pili utaonekana mbovu hata kama ni mzima.

Jikoni hatua hizi huonekana wazi zaidi unga wa mkate unapokataa kuumuka. Mtuhumiwa wa kwanza huwa hamira, lakini maji nayo yanaweza kuwa na hatia, kwani yakifika nyuzi joto 60 za Selsiasi huiua hamira. Chukua glasi mbili na utie mililita 100 za maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 38, katika kila moja, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Glasi ya kwanza itie kijiko kimoja cha chai cha hamira inayoshukiwa. Ya pili itie kiasi hichohicho cha hamira mpya. Subiri dakika 10. Povu likipanda kwenye hamira mpya pekee, ile ya zamani imekufa. Likipanda kote, hamira haina kosa, chunguza joto la maji uliyokandia, chumvi au muda wa kusubiri. Lisipopanda popote, usihukumu bado: huenda maji ya jaribio lenyewe yalikuwa ya moto mno.

Ile glasi ya pili ndiyo kipimo cha kulinganishia, na mara nyingi ndiyo inayokosekana katika hoja za kila siku. Mwaka 1747, daktari wa meli James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C) katika jozi sita. Chakula chao cha kawaida kilikuwa kimoja, ila kila jozi ilipewa tiba yake: sida (kinywaji cha matufaha yaliyochachushwa), siki, maji ya bahari na nyinginezo. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wote, ingawa matunda yaliisha baada ya siku sita. Angewapa wote 12 matunda, asingekuwa na wa kuwalinganisha nao.

Sasa mchukue mtu anayesema alikunywa dawa fulani mafua yakaisha baada ya wiki. Tatizo lipo, nadharia tete ipo, hata tokeo lipo. Lakini mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, kwa hiyo bila kulinganisha na wasioinywa, hitimisho lake halina mguu wa kusimamia. Dawa haijathibitika kuwa haifai, haijapimwa tu.

Usitarajie kuzikuta hatua kwa mpangilio wa vitabuni. Fundi huweza kurudi kwenye swali mara tatu kabla ya kugusa bisibisi, na jaribio lililoshindikana mara nyingi huzaa nadharia tete bora kuliko ya kwanza. Ukitaka mazoezi, chukua dai lolote ulilosikia leo, liandike, kisha weka chini yake mistari minne: swali, utabiri, kilichobadilishwa, kilicholinganishwa. Mstari utakaokosa cha kuandika ndio hatua iliyorukwa.