Jinsi ya kukagua usalama wa geti la umeme nyumbani, hatua kwa hatua

Geti la umeme linaweza kufunga na kufungua kila siku bila kusumbua, huku kinga zake zote zimekufa. Mwenye nyumba hawezi kujua, kwa sababu kinga hizo hazionekani zikifanya kazi mpaka siku mtoto au gari linapokuwa njiani. Na mara nyingi anayeziua ni fundi. Macho, yaani sensa zinazoona kilicho njiani, yamegoma, mteja anataka kuwahi kazini, basi fundi anaunga waya dairekti kwenye bodi, ile sakiti inayoiongoza mota, ili mota ione njia iko wazi muda wote. Geti linatembea, hela inalipwa, mambo yameisha.

Hapa nazungumzia geti la kusukuma pembeni, linalotembea juu ya reli kwa mota iliyofungwa chini, maana ndilo lililojaa mitaani kwetu Dar. Nusu saa inatosha kulikagua. Andaa rimoti, ufunguo wa kuachia mota (unaoitenganisha na geti ili litembee kwa mkono), boksi tupu, fimbo ndefu, nyundo, tochi, kitambaa kikavu, matofali mawili na kipande cha mbao ya mbili kwa nne chenye urefu wa nusu mita hivi. Watoto waingie ndani, mbwa afungwe, na mtu mmoja asimame kwenye swichi. Usijaribu kinga yoyote kwa mkono au mguu wako, hata kama jirani hufanya hivyo kuonyesha geti lake lilivyo la kisasa.

Hatua ya 1: Achia mota, sukuma kwa mkono

Zima swichi ya ukutani, weka ufunguo, achia mota. Geti zuri linasukumwa na mtu mzima kwa mkono mmoja, na ukiliacha katikati linabaki hapo hapo. Likianza kutembea lenyewe, reli ina mteremko, na siku utakayoliachia kwa dharura litakukimbia.

Likiwa zito, usiseme tu "ni la chuma, lazima liwe zito". Piga tochi kwenye magurudumu. Huku pwani chumvi inakula beringi, na mvua ikinyesha mchanga unajaa kwenye reli. Fagia reli, kisha sikiliza: gurudumu linalokwaruza badala ya kuzunguka linabadilishwa. Kwa nini nalisisitiza, utaona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Stopa na rola

Kama una muda wa kukagua kitu kimoja tu, kagua hiki. Geti la chuma la nyumbani linaweza kufika kilo mia kadhaa, na mota nyingi za majumbani zimetengenezwa kubeba mpaka kilo 500. Mzigo wote huo umesimama juu ya magurudumu mawili, na kinachouzuia usilale ni rola za juu kwenye nguzo. Geti likishatoka kwenye rola, hakuna tena kinacholishika.

Kwa kawaida mota inajua mahali pa kusimama kwa sababu ya limiti, ambayo huwa ni sumaku au kipande cha chuma kilichofungwa kwenye geti. Mafundi wengi wanaridhika na hiyo. Sasa umeme umekatika, betri imechoka, bosi anapiga honi nje. Mlinzi anaachia mota na kusukuma kwa nguvu ya mtu mwenye haraka. Mota ikishaachiwa, limiti haina kazi. Kama mwisho wa reli hakuna stopa, ukingo wa geti unapita rola na geti zima linaanguka, na aliye karibu nalo zaidi ni yule aliyekuwa akilisukuma.

Kwa hiyo, tafuta stopa mbili, moja kila mwisho, za chuma kinene, zilizochomelewa au kufungwa kwa bolti kwenye msingi wa zege. Kipande cha nondo kilichopachikwa juu ya reli hakitoshi, gurudumu linaweza kukipanda. Sukuma geti taratibu mpaka liguse stopa, kisha inua macho juu: je, bado limeshikwa na rola zote? Gonga stopa kwa nyundo. Maganda ya kutu yakidondoka kwenye mshono, mwite mchomeleaji leo. Mpaka stopa iwekwe, asiruhusiwe mtu kulisukuma geti kwa mkono.

Ukiwa hapo, tazama rola zenyewe. Ziguse geti bila kulibana, na ziwe na kizuizi cha kulizuia lisinyanyuliwe juu. Hicho kinakukinga na ajali, na wezi pia.

Hatua ya 3: Meno na mianya

Kati ya gia ya mota na meno yaliyofungwa kwenye geti kunatakiwa kuwe na nafasi ya milimita 2 hadi 3. Ikiisha, maana yake magurudumu yamelika, geti limeshuka na sasa uzito wake unaikalia gia.

Halafu angalia pale geti linapopita karibu na nguzo au ukuta. Kama geti lako ni la mabomba yenye mianya, mtoto anaweza kupitisha mkono ndani yake, na geti likifunguka mkono unavutwa kwenye nguzo. Macho hayasaidii hapa, kwa sababu kwenye mageti mengi yanafanya kazi wakati wa kufunga tu. Dawa yake ni wavu mgumu au bati lililochomelewa kwenye sehemu inayopita nguzo.

Hatua ya 4: Macho

Rudisha mota, washa swichi. Macho ni zile sensa mbili ndogo zinazotazamana: moja inarusha mwanga usioonekana, nyingine inaupokea. Zifute kwanza. Utando wa buibui, vumbi na mjusi aliyelala juu ya kioo ni visa vya kila wiki kwenye kazi hii.

Fungua geti lote, amuru lifunge, na likiwa katikati sukuma boksi kwa fimbo ndefu lipite mbele ya macho. Geti lisimame au lirudi nyuma mara moja. Rudia mara tatu. Likiendelea kufunga kama halijaona kitu, macho yamekufa au yameungwa dairekti. Kujua ni lipi kati ya hayo ni kazi ya fundi. Wewe zima mpangilio wa geti kujifunga lenyewe na usiutumie mpaka macho yapone.

Pima na kimo chake. Macho yaliyofungwa usawa wa bampa yanaliona gari na kumkosa mtoto anayetambaa. Kwa milango ya gereji, sheria ya Marekani inataka macho yasizidi inchi 6 kutoka sakafuni, yaani kama sentimita 15. Getini gari lina chasisi iliyo juu na linaweza kusimama katikati ya njia bila kuonekana na jozi ya chini, ndiyo maana mimi huwashauri wateja wafunge jozi mbili: moja chini kabisa, nyingine usawa wa bampa.

Hatua ya 5: Nguvu ya kugonga

Panga matofali karibu na nguzo ambako geti hufungia, laza mbao juu yake, ncha moja iguse nguzo na nyingine ilitazame geti. Hakikisha mbao haikati mstari wa macho, la sivyo utakuwa umepima macho tena. Kaa mbali, funga kwa rimoti. Geti likigusa mbao lisimame palepale na kurudi. Kwenye milango ya gereji Wamarekani wanadai urudi ndani ya sekunde 2, na mota zilizotengenezwa tangu 1 Januari 1993 lazima ziwe na kinga hiyo pamoja na nyingine ya ziada, kama macho.

Mota ikiendelea kunguruma na kusukuma, zima swichi. Nguvu imepandishwa kupita kiasi, na kisa chake karibu kila mara ni kilekile. Beringi imeliwa na kutu, geti likawa zito, mota ikaanza kusimama njiani ikidhani imegonga kitu. Fundi akapandisha nguvu kwenye bodi, geti likatembea. Sasa mota haitofautishi gurudumu bovu na mwili wa mtu. Badilisha gurudumu kwanza, kisha nguvu ishushwe, halafu upime upya.

Hatua ya 6: Betri na ufunguo

Zima umeme wa ukutani, endesha geti kwa rimoti mara tano hivi. Likianza kujivuta mapema, betri imekwisha. Ukiwa na mita, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7. Ufunguo wa kuachia mota uwe mahali ambapo mlinzi na dada wa nyumbani wanapajua, na kila mmoja awe ameshautumia mwenyewe. Siku ya moto si siku ya kuanza kujifunza.

Kifuniko cha mota usikifungue kama hujazoea: upande wa chaja una volti 230, na hata ukizima ukutani betri bado inaweza kulitembeza geti. Ukiona sisimizi wakiingia na kutoka, mwambie fundi asafishe bodi na kuziba matundu.

Macho na nguvu pima kila mwezi, yaliyobaki kila miezi sita. Pima vyote baada ya masika, baada ya radi kupiga jirani, na baada ya gari kuligonga geti hata kidogo. Pima pia kila fundi anapomaliza kazi: kabla hujamlipa, mwambie alifunge geti, halafu wewe pitisha boksi yeye akiangalia.